Mnaogeuza habari za magazeti kuwa "habari za Dodoma", mnatuumiza wakulima

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Kuna ukurasa mmoja hapa Dodoma, jina siutaji lakini magrupu ya WhatsApp ya kata kibao yanautegemea. Kazi yao ni kuchukua habari ya gazeti, kubadili kichwa, kuchomeka neno "Dodoma" na kuisambaza. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kuhusu mvua za vuli ilipotoka, wakaandika kwa herufi kubwa: WAKULIMA DODOMA ANDAENI MASHAMBA, MVUA HIZO.

Vuli! Vuli ni ya mikoa yenye misimu miwili ya mvua kwa mwaka: pwani ya kaskazini, kaskazini mashariki, ukanda wa Ziwa Victoria. Sisi na wenzetu wa Singida tuna msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili, na utabiri wake TMA wanautoa peke yake. Gazeti lenyewe liliitaja mikoa inayohusika. Huyu bwana akaikata aya hiyo, halafu akaacha maneno "Inaendelea ukurasa wa 4" katikati ya habari yake. Yaani hata kuisoma hakuisoma!

Mjomba wangu kule Bahi aliisoma kwenye grupu la kijiji. Akaberega shamba lote, yaani akalisafisha juu juu bila kulilima kwa kina, akamwaga mbegu ya mtama. Ikapita mvua moja ya kupotea njia, mtama ukaota, jua likauchoma wote. Na msinijibu kwamba Wagogo wanapanda kwenye kavu tangu zamani. Wanapanda, ndiyo, lakini kwa kuuvizia msimu wa huku, siyo wa Tanga. Mbegu ya pili amekopa. Nani anamlipa?

Bei ya mahindi nayo hivyo hivyo. Wanaokota bei ya jumla ya Dar, wanaibandika bila kusema ni ya wapi wala ya lini, kama ni kwa kilo au kwa gunia, na kama gunia lenyewe ni la kilo 100 au ni lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo. Mkulima wa Kongwa anafika nayo soko la Kibaigwa, anamwonyesha dalali simu, wanaishia kugombana.

Sijasema watu waache kuchukua habari za magazeti. Mtu wa Hombolo au Mvumi gazeti halimfikii, na bando lake linaishia WhatsApp. Akiandikiwa vizuri anasaidika sana. Hata sheria ya hakimiliki ya 1999 haimpi mtu umiliki wa tukio lenyewe. Kinacholindwa ni maandishi ya aliyeyaandika. Kwa hiyo soma, elewa, andika kwa maneno yako, taja gazeti na tarehe yake. Halafu fanya ile kazi inayokufanya uwe wa hapa: mpigie afisa ugani wa kata umuulize hii inatuhusu vipi. Mpigie mtu wa sokoni akupe bei ya leo asubuhi. Usipopata jibu, andika wazi kwamba habari hii ni ya mikoa fulani na Dodoma haimo. Simu ya dakika mbili, jamani!

Niliwaandikia hayo kwenye maoni yao, kwa adabu kabisa. Wakafuta, wakaniblok.

Sasa naomba wadau mlioko Chamwino, Mpwapwa, Chemba na Kondoa, kama na kwenu mtu alipanda kwa kuamini habari ile, wekeni hapa. Admini wa ukurasa ule najua unapita humu. Ile habari ya vuli mpaka naandika hapa bado ipo na bado inasambazwa. Iondoe leo, andika juu kabisa kwamba ulikosea, na uwape watu utabiri wa msimu wa kanda ya kati kama ulivyotolewa na TMA, bila kukata hata aya moja.