Mzazi alipita milango minne, hakuna mlango uliozungumza na mwenzake. Tuanzie wapi?

Mama Mweka Hazina (Tanga)

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wauguzi, viongozi wa vikundi na yeyote aliyewahi kulifanya jambo hili.

Mimi ni mweka hazina wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopeshana) ya wanawake 28 katika kijiji cha pwani, mkoa wa Tanga. Mwaka juzi mkamwana wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mama yake ni marehemu, kwa hiyo arubaini aliikalia kwangu. Nilimfanyia yote niliyofanyiwa mimi: maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga, supu ya kuku, kufungwa tumbo. Mkunga wetu wa mtaani akaja kumkanda siku 7 mfululizo. Mwili ulipona vizuri. Mwenyewe ndiye alikuwa anapungua.

Usiku halali hata mtoto akilala. Anakaa kitandani, kiganja juu ya kifua cha mtoto, anasikiliza kama anapumua. Chakula anakigeuzageuza tu kwenye sahani. Wiki ya tatu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, mtafutieni huyu mtoto mtu wa kumlea, mimi nitamharibu." Nikamjibu ni uchovu, utapita. Jibu hilo nalijutia mpaka leo.

Sasa sikilizeni milango tuliyopita. Mkunga alimwona analia akikandwa, akadhani ni maumivu ya mwili. Ustadh alimsomea mara 3, akamliwaza kwa maneno mazuri kweli, akatutaka tuzidishe dua. Kliniki mtoto akapimwa, uzito unapanda, mstari kwenye kadi unapanda, tukapewa hongera tukarudi. Kikundini wenzangu walileta kanga, sabuni na mchele. Wawili waliyaona macho yake wakanyamaza, wasije wakaonekana wanachimba mambo ya nyumba ya watu. Kila mmoja aliona kipande. Hakuna aliyekibeba kipande chake akakipeleka kwa mwingine. Na mimi niliyekuwa naye usiku na mchana nikawa wa mwisho kuelewa.

Kilichomwokoa ni swali moja. Alipompeleka mtoto chanjo ya wiki ya 6, muuguzi ambaye hatukuwahi kukutana naye alimaliza kumchoma mtoto, akamgeukia yeye: "Na wewe mama, unalala?" Alilia palepale kwenye benchi karibu nusu saa. Ndipo tukapelekwa hospitali ya rufaa, tukaambiwa ni sonona baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Akawa na mazungumzo kila wiki, pamoja na dawa ambayo aliendelea kunyonyesha huku akiitumia. Mtoto alipofika miezi 5, mama alikuwa anacheka. Sasa mtoto anakimbia uani.

Swali langu ni hili. Watu wote hawa wapo, wana nia njema, na wanaingia nyumba zilezile. Nimwite nani, na nani ashike uzi? Mfuko wa jamii wa kikundi chetu unaweza kutoa nauli ya kwenda rufaa. Sitaki mradi wa mabango na fulana. Nataka mzazi mwingine asisubiri wiki 6.

Sista wa Usambara

Shikamoo mama. Lile neno "utapita" usilibebe peke yako. Hata sisi tuliosomea tumewaambia akina mama hivyo, tena wodini.

Kwanza ukubwa wa jambo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwenye kikundi chako cha wanawake 28, huenda 5 wamelipitia hili na hawajamwambia mtu. Na ona hiyo namba ya wajawazito: msisubiri mtoto azaliwe ndipo muulize.

Kuhusu kuuliza, nafasi zipo tayari. Mzazi anatakiwa aonwe ndani ya saa 24, siku ya 3, kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu wiki ya 6. Katika kila nafasi mtoto anakaguliwa. Ongezeni maswali mawili ya mama. Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukijisikia huzuni au kukata tamaa? Umekosa hamu au raha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Mkunga anaweza kuyauliza akiwa anakanda. Akijibu ndiyo, muuguzi ana dodoso la Edinburgh, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, lililotungwa 1987 na linalotumika kwa Kiswahili pia. Hilo liachieni watu wa afya.

Kuna mfano ninaoupenda sana, wa vijiji vya Rawalpindi nchini Pakistan. Walichukuliwa akina mama waliokuwa na sonona tangu mimba ikiwa kubwa. Wahudumu wa afya wanawake wa vijiji hivyohivyo, si madaktari, wakafundishwa kuzungumza nao nyumbani, pamoja na mume na mama mkwe, mara 16 mpaka mtoto afike miezi 10. Matokeo yalichapishwa 2008: mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23. Upande wa pili, kwa akina mama wa kulinganisha nao, wahudumu walikwenda nyumbani mara zilezile bila mafunzo hayo, na huko walibaki asilimia 53. Kwa hiyo kutembelea peke yake hakutoshi, mama. Wenzako wa kikundi walitembelea na mchele mkononi. Walikosa la kuuliza.

Uzi mpeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka 5. Kama kwenu yupo, yeye anaingia zahanati na anaingia nyumbani. Mkunga hawezi la kwanza, muuguzi hana muda wa la pili.

Na hili wote walijue: mzazi akianza kusikia sauti, kusema mambo yasiyoeleweka, kukaa siku mbili tatu bila usingizi huku ana nguvu nyingi, hasa wiki 2 za mwanzo, hicho ni kichaa cha uzazi. Hapo hakuna kusubiri mkutano wa mtu yeyote. Ni hospitali usiku uleule.

Mwana wa Ng'ambo (Unguja)

Mie nataka kusema jengine, na mnisamehe nikisema kwa ukali.

Hicho alichokitaja Sista ndicho kilichonipata. Siku ya 9 nilianza kusikia watu wanazungumza ndani ya ukuta. Nilipelekwa hospitali, nikatibiwa, nikapona, alhamdulillah. Lakini kabla sijafika hospitali, shangazi alishamwambia jirani, jirani alishafika kisimani nayo. Niliporudi nilikuwa nishapewa jina: mpagawa. Mwanangu ana miaka 7 sasa, na yupo dada wa mtaani ambaye mpaka leo hanipi mtoto wake nimpakate.

Sasa wewe Mama unataka kumweka mkunga, ustadh, zahanati na wanawake 28 kwenye mkeka mmoja. Nia yako naiona. Lakini mkikaa hapo mkaanza kusema "fulani wa kwa fulani haonekani sawa", mtakuwa mmetengeneza kisima kikubwa zaidi. Jina lisitajwe kwenye mkutano. Hata moja. Anayetoka mlango mmoja kwenda mwingine awe mzazi mwenyewe, ameshikwa mkono na mtu aliyemkubali. Habari zake zibaki kwake. Mkunga asiseme "nimemwona mtu". Aseme kwa mzazi, "Nikusindikize kwa Sista?" Basi.

Mhudumu wa Kilifi

Salamu kutoka Kenya, mamangu. Mimi ni mmoja wa wahudumu wa afya ya jamii ambao serikali yetu iliwazindua 2023, kama 100,000 hivi. Hapa kwetu nina kaya 100 hivi nazozunguka.

Dada wa Unguja amesema kweli tupu. Na mimi naongeza: mkunga wa jadi mwanzo mlimkosa heshima, msimkose tena. Hapa kwetu waliambiwa waache kuzalisha, wakabaki wamenuna, na haki yao. Tulipowarudia tukawaomba wawe wasindikizaji, ndipo njia ikafunguka. Yule bibi ndiye anayemgusa mzazi kabla ya sisi sote.

Kingine ni hofu. Akina mama wengi walikuwa hawathubutu kusema kwamba wanawaza kufa, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikifanya kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kinyume cha Katiba. Kesi ile ilipelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, watu wa sheria na watu wa dawa upande mmoja. Niliposikia nilifurahi, kwa sababu nilishamwona mama akimeza neno hilo mbele yangu. Mzazi akilisema, asiachwe peke yake hata dakika, na safari ya hospitali ianze siku hiyo.

Baba Wawili

Shikamoo mama. Mimi nafanya kazi shamba la mkonge. Sheria inanipa siku 3 za likizo mke akijifungua. Siku ya 4 niko shambani saa 12 asubuhi. Usiku nalala chumba kingine, maana ni arubaini. Nikimuuliza mke wangu hali, anajibu "sijambo". Nilijua kuna tatizo siku alipoacha kuniuliza kama nimekula.

Mkutano wenu ukiita wanawake tu, mtatuacha tena nje. Tuiteni. Tuambieni cha kutazama, kwa maneno mafupi. Mimi ningeambiwa tu "tazama kama analala mtoto akilala", ningeligundua mwezi mzima mapema.

Mama Mweka Hazina (Tanga)

Marahaba wanangu. Nimesoma yote mara mbili, ya dada wa Unguja nimeyasoma mara tatu. Mwanangu, pole. Umenizuia nisikosee.

Nimeamua hivi. Jumamosi baada ya alasiri, wachache tu: muuguzi wa zahanati, mkunga, ustadh, mzee wa kanisa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi watatu wa kikundi, na akina baba wawili. Hakuna jina litakalotajwa. Tutajifunza yale maswali mawili na zile dalili za kukimbia nazo hospitali usiku uleule. Uzi ameshika mhudumu wa afya.

Upande wa fedha naujua mwenyewe. Nauli mhudumu ataichukua kwangu bila kuniambia ni ya nani, na kwenye daftari nitaandika "nauli, mzazi" na kiasi. Wanachama watauliza. Nitawaambia tangu siku ya kwanza kwamba safu hiyo haina majina, asiyekubali aseme sasa.

Kabla ya kuandika hapa nilimwomba ruhusa mkamwana wangu. Alisema niandike, na lile neno la kumharibu mtoto nisilitoe, kwa sababu ndilo alilolisema wazi na hakuna aliyelisikia.

Ustadh amekubali palepale, tena amesema ataligusa kwenye hotuba ya Ijumaa. Mkunga bado. Anadhani tunamwita kumlaumu. Kesho asubuhi nakwenda kwake mwenyewe, na sitakwenda na barua ya mwaliko, nitakwenda na kitoweo tukapike.