MJADALA: João do Pulo apewe dhahabu ya Moscow 1980, au yaliyopita si ndwele?

Kisahani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila tunapozitaja medali mbili za fedha za Tanzania, ile ya Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji na ile ya Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000, Olimpiki ya Moscow 1980 huwa tunaisimulia kama sikukuu. Kwetu ilikuwa sikukuu kweli. Lakini kwenye uwanja uleule wa Lenin, tarehe 25 Julai, kuna Mbrazili alifanyiwa jambo ambalo mimi naliita wizi, na nataka tulijadili bila kupepesa macho.

Kwa wasiomjua: João Carlos de Oliveira, mzaliwa wa Pindamonhangaba, jimbo la São Paulo, mwaka 1954. Askari jeshi. Kwao walimwita João do Pulo, yaani João wa kuruka. Tarehe 15 Oktoba 1975, kwenye Michezo ya Pan American kule Mexico City, akiwa na miaka 21, aliruka miruko mitatu mita 17.89. Rekodi aliyoikuta ilikuwa 17.44 ya Viktor Saneyev wa Umoja wa Kisovyeti. Rekodi ya mchezo huu huwa inasogea kwa kudonoadonoa, sentimita mbili, tano, kumi ukijaliwa. Yeye aliisogeza 45 kwa mkupuo mmoja, na ilikaa mpaka Juni 1985 Mmarekani Willie Banks alipofika 17.97.

Michezo hiyohiyo akabeba na dhahabu ya kuruka chini, 8.19. Mwaka 1979 kule San Juan akarudia zote mbili, na kwenye kuruka chini aliyemaliza wa tatu nyuma yake alikuwa kijana mmoja anaitwa Carl Lewis, bingwa mkubwa wa baadaye. Halafu mtu huyu hana dhahabu ya Olimpiki. Shaba Montreal 1976, shaba Moscow 1980, basi.

Sasa Moscow. Aliyeshinda ni Jaak Uudmäe, 17.35. Wa pili Saneyev, 17.24, na hiyo aliipata kwenye mruko wake wa mwisho kabisa. João 17.22. Wote wawili wa mbele yake waliruka kwa bendera ya Kisovyeti, waamuzi ni wenyeji, na wasimamizi wa shirikisho la kimataifa walikuwa wameondolewa pembeni ya shimo la mchanga. João na Muaustralia Ian Campbell kwa pamoja waliruka mara 12. Bendera nyekundu, yaani mruko umekataliwa, zilipanda mara 9.

Hoja yangu ni fupi: IOC (kamati ya kimataifa ya Olimpiki) na World Athletics (shirikisho la riadha la dunia) wamtangaze João kuwa bingwa wa pamoja. Uudmäe abaki na yake, hakuna anayenyang'anywa kitu. Haya, karibuni.

Mwalimu wa Michezo

Mkuu Kisahani, umelileta vizuri lakini umelipaka rangi moja. Nimesimama pembeni ya shimo la mchanga miaka mingi kwenye mashindano ya shule, nimenyanyua bendera hizo mpaka nikatukanwa na wazazi, kwa hiyo niruhusu nikuulize swali la kazini. João apewe dhahabu kwa umbali gani?

Mruko ukipigwa bendera nyekundu haupimwi. Hakuna anayeshusha futi. Mchanga unasawazishwa, anaitwa anayefuata. Kwa hiyo hakuna karatasi yoyote duniani yenye namba ya miruko ya João iliyokataliwa siku ile. Yenye namba ni 17.22, na 17.22 ni ya tatu. Huwezi kumpa mtu dhahabu kwa mruko usio na kipimo, hata uwe unampenda vipi.

Na hiyo 17.89 isitupumbaze. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Ni palepale Bob Beamon alipoweka rekodi ya kuruka chini, 8.90, mwaka 1968. João mwenyewe hakuikaribia tena 17.89 mpaka anaacha. San Juan alishinda kwa 17.27.

MtotoWaEldoret

Hahaha, sisi Kenya hatukuenda kabisa Moscow, tulisusia pamoja na Wamarekani, kwa hiyo ninyi Watanzania mliokula karamu ndio mtuambie chakula kilikuwaje.

Lakini serious, mwalimu, hapo kwa hewa nyepesi unamwonea. Siku ile upepo ulisoma 0.0, hakusukumwa na chochote. Na tangu Olimpiki ya 1968, ambapo rekodi hii ilivunjwa tena na tena hukohuko Mexico, mbona hakuna aliyefika hata 17.50? Hewa ilikuwa ya wote.

Kisahani

Mwalimu, shikamoo. Swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri, maana kila anayepinga hukimbilia hapo: hakuna kipimo. Hakuna kipimo kwa sababu ya nani? Ni yuleyule mwamuzi anayelalamikiwa ndiye aliyeamua kisipatikane. Ukishasema "leta namba" umemfanya mlalamikiwa awe mtunza ushahidi. Mahakama ya mwanzo tu kijijini mtu akichoma hati ya shamba hawezi kusimama kesho yake akamwambia mwenzake alete hati.

Na umeitaja San Juan ukairuka Roma. Kombe la Dunia la riadha 1981, mbele ya waamuzi wengine, João alishinda kwa 17.37. Ni mwaka mmoja tu baada ya Moscow, na ni sentimita mbili zaidi ya dhahabu ya Uudmäe. Kombe hilo alikuwa ameshalichukua 1977 na 1979 pia. Huyu si mtu wa siku moja ya Mexico.

Mwalimu wa Michezo

Marahaba. Hoja ya hati nimeipenda, ila inategemea uthibitishe kwanza kwamba hati ilichomwa kwa makusudi. Nyekundu nyingi peke yake haitoshi. Mrukaji aliye nyuma kwa sentimita chache anajilazimisha, anaongeza kasi, hatua zinapishana na alama, anakanyaga mbele ya ubao. Nimeona watoto wazuri wanaharibu sita kwa sita.

Acha niwaeleze kwa nini kesi ya Campbell ina nguvu kuliko ya João, maana watu wanazichanganya. Kwenye miruko mitatu unaruka kwa mguu mmoja unatua na uleule, unaruka tena unatua na mwingine, halafu unaingia mchangani. Kuna makosa ya aina mbili yaliyokuwa yanahukumiwa. La kwanza ni kupitiliza ubao. Hapo mbele ya ubao kunawekwa utepe wa plastisini, ukikanyaga kiatu kinaacha alama, tunaita hata kocha aje aone, ugomvi unaisha. La pili, kwa kanuni za wakati ule, ni ule mguu ulio hewani kugusa chini wakati mwenzake unafanya kazi. Hilo haliachi alama popote. Linabaki kwenye jicho la mtu mmoja mwenye bendera.

Campbell alikataliwa kwa kosa hilo la pili kwenye mruko ambao waliouona wanasema ulikuwa unaelekea 17.50. Mguu ukiburuzika pale katikati kasi inakufa, hufiki huko. Ndiyo maana watu wanapiga kelele mpaka leo. Baadaye kanuni yenyewe ikabadilishwa, siku hizi kugusa kwa mguu ule si kosa. Kwa hiyo ningekuwa hakimu, ningeanza na Muaustralia. Na yeye alimaliza wa tano, 16.72.

DadaWaTanga

Jamani, hodi. Mimi si mtu wa riadha ila kuna kitu hakiniingii. Kama huo ulikuwa mpango wa kumbeba Saneyev, mbona Saneyev hakushinda? Alikuwa na dhahabu tatu mfululizo, 1968, 1972 na 1976, akitafuta ya nne. Ndiye aliyeingia na mwenge uwanjani siku ya ufunguzi. Wangetaka kumpa wangempa. Aliyechukua ni Uudmäe, Mwestonia ambaye hata nusu ya jina hilo hakuwa nalo. Wezi gani hao wanavunja duka halafu wanamwachia mpita njia?

MtotoWaEldoret

Dada, hapo umeuma. Lakini mwizi kushindwa kubeba TV haimaanishi mlango haukuvunjwa. Waamuzi wanaweza kumzuia Mbrazili, hawawezi kumrukia Saneyev. Alikuwa na miaka 34, miguu imechoka.

Kisahani

Umenisaidia, Eldoret. Na dada, mimi sijasema kuna kikao kilikaa kikapanga. Inatosha mwamuzi mwenyeji, mbele ya watu wake, na msimamizi wa nje hayupo, awe mwepesi wa nyekundu kwa mgeni na mzito kwa mwenyeji. Hilo halihitaji amri ya mtu. Nani hapa hajawahi kucheza ugenini?

Mnaosema muda umepita, kumbukeni Jim Thorpe, mwanariadha wa Marekani. Alishinda 1912, akanyang'anywa 1913, familia ikapewa medali mpya 1983 na ni 2022 ndipo IOC wakamtambua kuwa bingwa peke yake. Miaka 110. Na dhahabu ya pili inawezekana, Salt Lake City 2002 Wakanada Salé na Pelletier, wa kuteleza kwenye barafu, walipewa ya pamoja na Warusi baada ya uamuzi wa jaji mmoja kutiliwa shaka.

Mwalimu wa Michezo

Salt Lake ilimalizwa ndani ya wiki ileile, na jaji mwenyewe alikuwa amesema maneno yaliyomponza. Thorpe hakuna aliyewahi kubisha kuwa alishinda, ugomvi ulikuwa juu ya hadhi yake kama mchezaji wa ridhaa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepewa medali kwa umbali wa kukisia.

DadaWaTanga

Nimekwenda kusoma habari zake, na nimerudi na hasira nyingine kabisa. Ninyi mnagombania sentimita 13, mtu mwenyewe alikufa mnyonge. Tarehe 22 Desemba 1981, miezi michache baada ya hiyo Roma mnayoisifu, alipata ajali ya gari kwenye barabara ya Anhanguera. Madaktari walihangaika na mguu wa kulia muda mrefu, mwisho ukakatwa. Umri miaka 27. Baadaye akachaguliwa mbunge wa jimbo la São Paulo vipindi viwili, 1986 na 1990, kisha akaangushwa, akaingia kwenye pombe na madeni. Alifariki 29 Mei 1999, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 45.

Mnampa nani hiyo dhahabu? Angekuwa hai ningewaunga mkono kesho. Sasa hivi naona ni viongozi watakaopata picha nzuri ya kupiga.

MtotoWaEldoret

Atapewa familia, kama ya Thorpe. Na dada, dhahabu kwa nchi kama zetu si bati la kuning'iniza ukutani. Brazil ina ukoo wa miruko mitatu: Adhemar Ferreira da Silva alichukua dhahabu 1952 na 1956, Nelson Prudêncio fedha 1968 na shaba 1972, halafu João. Mwenye rekodi kubwa kuliko wenzake hao wawili ndiye anayesomeka chini ya Adhemar kwa sababu ya bendera ya mtu. Sisi tuliokaa nyumbani 1976 na 1980 tunajua uchungu wa medali ambayo haikuandikwa.

Kisahani

Dada, hilo la ajali ndilo linalonifanya nisinyamaze. Mwanariadha mwingine angesema nitarekebisha Los Angeles 1984, angekuwa na miaka 30 tu. Yeye hakupewa Los Angeles. Moscow ndiyo ilikuwa ya mwisho, na ndiyo waliyoichezea.

Mwalimu, unataka ushahidi: fungueni majalada. Australia waliwahi kuomba kesi ya Campbell itazamwe upya mwaka 2015. Brazil nao waombe. Karatasi za waamuzi zisomwe, kila nyekundu ijulikane ilikuwa ya kosa gani, la ubao au la mguu. Za ubao nitaziacha. Za mguu, zisizo na alama, ndizo nitakazozidai.

Mwalimu wa Michezo

Hapo sasa unaongea lugha ya pembeni ya shimo. Kufungua majalada naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mkuu, soma ulichoandika juu na ulichoandika sasa. Juu ulitaka João atangazwe bingwa wa pamoja leo, hapa chini unataka kujua kwanza alikosea nini. Na ukishafungua, ukakuta nyekundu za João zote ni za ubao na za Campbell ni za mguu, utakuwa tayari kuandika uzi mwingine wa kumdai dhahabu Muaustralia aliyemaliza wa tano, João abaki na shaba yake?

Kisahani

Nitauandika. Ila na wewe zikitoka za mguu kwa João, uje hapa na bendera nyeupe.