Naomba ushauri: ridi za klarineti zilizopigwa tupa na zisizopigwa

Habari zenu wanamuziki wenzangu. Napiga klarineti ya Si bemoli katika bendi ya kanisa, na nimekwama katika uchaguzi wa ridi, yaani kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetema mdomoni mwa klarineti na kutoa sauti.

Nina aina mbili, zote namba 2.5 (namba ndiyo kipimo cha ugumu wa ridi). Kwenye zile zilizopigwa tupa, kipande cha ganda la mwanzi kimeondolewa nyuma ya sehemu iliyochongwa, hivyo ganda linaishia kwa mstari ulionyooka. Kwenye zisizopigwa, ganda linaishia kwa mpindo kama herufi U. Zilizopigwa zinaitika upesi hata ninapopuliza kwa upole, hasa noti za chini, lakini noti za juu zinatoka kali na nyembamba. Zisizopigwa zina sauti nene, tulivu, ninayoipenda mno, ila zinadai pumzi nyingi, na ninapoanza wimbo polepole noti ya kwanza huchelewa.

Nimejaribu kuzilowesha kwa muda uleule, kushusha kidogo bangili inayobana ridi, na kutumia kwa zamu ridi nne za kila aina kwa wiki tatu, kwa kuwa hakuna ridi mbili zinazofanana kabisa hata ndani ya boksi moja. Tofauti imebaki palepale.

Naomba kuuliza: je, nikishuka hadi namba 2 kwa zisizopigwa tupa, nitapata wepesi bila kupoteza unene wa sauti? Na je, kuna aliyewahi kuondoa ganda hilo mwenyewe kwa tupa laini, na aliishia wapi ili asiiharibu ridi?

Natanguliza shukrani.