TOT au ritani ya mwaka: duka la rejareja lichague ipi?

Duka_Mtwapa
Habarini za jioni. Nina duka la vyakula hapa Mtwapa, naliendesha kwa jina langu, si kampuni. Mwaka jana niliuza kama milioni 3. Kijana wa saiba aliponisajili alinitia kwenye TOT, ile kodi inayokatwa kwenye mauzo, bila kuniuliza. Kila mwezi nalipa asilimia 3 ya mauzo na sioni kinachobaki. Jirani ananiambia nihamie ritani ya kawaida ya mwaka, inayotoza faida. Ipi nafuu?

Mama_Saluni
Usihame, dada. Mwaka jana saluni yangu iliingiza milioni 1.8, faida laki tisa. TOT ilikuwa 54,000. Kwa ritani ya kawaida, 288,000 za kwanza za faida ni asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, zilizobaki asilimia 30. Hata nikitoa ile nafuu ya kodi ya 28,800 anayopewa kila mtu kwa mwaka, ningelipa 178,600! Na TOT haikuulizi risiti za manunuzi. Nalipa kabla ya tarehe 20, basi.

Karani_Kongowea
Mama, saluni na duka haviendi sawa. Wewe unauza kazi ya mikono yako, yeye anauza unga na sukari, faida shilingi chache kwa pakiti. TOT haitazami faida, inatazama kilichoingia kwenye droo.

Tuseme katika hiyo milioni 3 amepata laki tatu juu ya bei ya kununulia. Atoe pango 120,000, abaki na 180,000. TOT ni 90,000, nusu ya jasho lake! Kwa ritani ya mwaka, asilimia 10 ya 180,000 ni 18,000, na nafuu inaimeza yote. Halipi kitu. Kwa mauzo hayo, TOT ingemfaa kama faida halisi ingepita laki sita hivi.

Mwalimu_Kibanda
Kwanza aseme kama ameajiriwa. Mimi ni mwalimu, nina kibanda cha vinywaji. Nafuu yangu imeshatumika kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa hiyo faida ya kibanda ikijumlishwa na mshahara inakatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. TOT ni kodi ya mwisho, haichanganywi na mshahara. Nimebaki huko.

Duka_Mtwapa
Sijaajiriwa, mwalimu. Ila daftari sina, na mwenye duka la jumla ninayenunua kwake hatoi risiti.

Karani_Kongowea
Hapo ndipo penye kazi, dada yangu. Tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hayatolewi kwenye hesabu ya kodi. Ukihama ukiwa hivyo, bidhaa ulizonunua kwa milioni 2.7 zinaweza kukataliwa, ukatozwa kama kwamba zote ni faida. Hilo litakuumiza kuliko TOT. Mwambie huyo wa jumla akukatie risiti hiyo yenye PIN yako, namba yako ya kodi. Akikataa, muhame yeye kwanza.

Kisha ndipo umwandikie Kamishna wa KRA kwamba unatoka TOT. Usiache tu kujaza, maana kila mwezi usiojaza ni faini ya 1,000. Ritani ya mwaka mwisho wake ni 30 Juni.

Duka_Mtwapa
Shukran sana. Kesho asubuhi naenda kwake. Na mali iliyo kwenye rafu sasa, isiyo na risiti?

Karani_Kongowea
Iuze yote ukiwa bado TOT. Barua iandike rafu zikishajaa mali yenye risiti.