Mjadala: Ugonjwa wa kugeuka mbwa mwitu uenee kwa kuumwa au kwa kuguswa?

Ndugu waandishi na wasomaji wa Goma na Bukavu,

Mwandishi mwenzetu wa Bukavu ametusomea hadithi ambamo mtu anayegeuka mbwa mwitu usiku wa mwezi mpevu huambukiza kwa kugusa tu, na aliyeguswa hugeuka usiku uleule. Anatetea kwamba kuumwa kumezoeleka mno, na kwamba hofu huzidi pale ambapo hata mkono wa mama umekuwa hatari. Ni hoja yenye nguvu, lakini naipinga.

Hata kwa kuumwa peke yake, kila mmoja akiambukiza mtu mmoja kila mwezi mpevu, idadi yao huongezeka maradufu, na baada ya miezi mipevu 20 yule wa kwanza amekuwa zaidi ya milioni moja. Kwa kuguswa, mji huisha kabla mhusika hajapata nafasi ya kuamua lolote.

Kichaa cha mbwa kinampa mwandishi mfano bora. Virusi vyake hukaa katika mate, huingia kwenye jeraha, kisha hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi ubongoni, mara nyingi kwa muda wa mwezi mmoja hadi mitatu. Katika muda huo aliyeumwa anakula, anakwenda sokoni, anawabeba watoto wake, na chanjo bado inaweza kumwokoa; dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Hadithi yenyewe imo katika siku hizo: mwanamke anayefunika jeraha kwa kitenge huku akihesabu usiku uliobaki kabla mwezi haujapevuka, asijue amwambie nani.

Najua kwamba kuumwa nako si desturi ya kale. Masimulizi mengi ya zamani ya Ulaya yalizungumzia laana, mafuta ya uchawi au mkanda wa ngozi ya mbwa mwitu, na sinema za karne ya 20 ndizo zilizolieneza sana wazo la meno. Kwa hiyo simkatazi mtu kubuni njia mpya.

Kinachonizuia ni kumbukumbu yetu. Ebola ilipofika Goma mnamo Julai 2019, waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, na waliokuwa katika hatari kubwa ni wale waliouguza na waliotaka kuwaosha maiti wao kwa heshima. Katika eneo letu kuna waliopona, wakarudi nyumbani na kukuta majirani wanaogopa kuwapa mkono. Msomaji wa hapa akikutana na mnyama anayeambukiza kwa kugusa, atamfikiria jirani huyo, na woga uliokuwa umeanza kupoa utapata chakula kipya.

Namwomba ndugu wa Bukavu anijibu jambo moja: katika hadithi yake, anayemuuguza mgonjwa ameachiwa njia gani ya kubaki binadamu?