Mbwa wangu ana saratani ya mfupa: nimfungie au niendelee kutoka naye?

MamaVitumbua: Wakuu, habari za jioni. Nauza vitumbua na chai Msamvu, Morogoro. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, na miaka saba sasa mlinzi wangu njiani ni Bosi, chotara mwenye damu ya German Shepherd.

Mwezi wa nane alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Muuza dawa mmoja akasema ameteguka, akanipa diclofenac, dawa ya maumivu hivihivi tunayomeza sisi. Siku ya tatu anatapika damu. Nikaacha. Uvimbe nao unakua tu, juu kidogo ya kifundo, mgumu kama jiwe, ukiushika una joto. Nikakodi bajaji hadi hospitali ya wanyama ya SUA, kile chuo kikuu cha kilimo, akapigwa eksirei. Ni saratani ya mfupa, na mapafuni tayari kuna vidoa. Daktari alisema kukata mguu kungempunguzia maumivu ila hakutamponya. Ana miaka tisa, sikukata. Anameza dawa za maumivu: meloxicam mara moja kwa siku akishakula, na gabapentin asubuhi na jioni.

Shida yangu ni hii. Mfupa umeliwa ndani, unaweza kuvunjika kwa hatua moja mbaya. Nimemfungia siku nne. Analia mpaka jirani anagonga ukuta, na chini ya mlango amechimba hadi kucha zinatoka damu. Nikirudi saa nne, chakula hajagusa. Nimfungie tu? Na nitajuaje kwamba sasa basi? (Wa kuniambia nimtegee sumu apite, hao nimewasikia wa kutosha mtaani.)

Mzee_wa_Kihonda: Watu wanakosa ada za watoto, wewe unamkodia mbwa bajaji. Haya.

MamaVitumbua: Ada ya wanangu imelipwa na vitumbua, mzee wangu, na vitumbua vilifika salama kwa sababu ya huyohuyo mbwa. Karibu chai.

BwanaMifugo_Kilosa: Pole dada. Usimchanganyie meloxicam na dawa za steroidi kama dexamethasone au prednisolone, hata ukiambiwa itashusha uvimbe, tumbo linaweza kutoboka. Ukiona kinyesi cheusi kama lami, simamisha meloxicam umpigie daktari. Sakafu ya saruji inateleza, tandika magunia.

Kuhusu lini umpumzishe: usipime kwa kula peke yake, mbwa anaweza kula huku anaumia. Mwangalie usiku. Anahema mbio ilhali amelala? Anabadilisha ubavu kila mara, hapati usingizi? Panga na daktari mapema. Ile sindano ya kumpumzisha ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, anasinzia kwanza. Shimo liwe refu, maana dawa inabaki mwilini. Mbwa mwingine akifukua akala, naye anaweza kufa.

Wa_Nakuru: Pole sana mama. Wangu alikuwa na hiyohiyo. Nilingoja, si kwa ajili yake, mimi ndiye sikuwa tayari. Mguu ukavunjika saa nane usiku akitoka kukojoa, daktari akafika saa tatu asubuhi. Kile kilio bado nakisikia. Usifike huko. Na kwani hakuna mkokoteni hapo kwenu?

MamaVitumbua: Wa Nakuru, Mungu akubariki. Nimeazima toroli la fundi jirani, nikatandika magunia matatu na kanga kuukuu. Ndoo ya unga mbele, Bosi nyuma. Dakika 25 zimekuwa 40, nakwepa kila shimo kama nimebeba mayai. Jana bodaboda ilitupitia karibu sana, akaibwekea akiwa humohumo kwenye toroli, masikio juu. Kijiweni alikula kitumbua kilichoungua, halafu kingine ambacho hakikuungua.

Usiku wa kuamkia leo alihema sana. Nimempigia daktari, atakuja nyumbani Jumamosi jioni, nikishafunga biashara. Kijana wangu anachimba shimo kesho chini ya mwembe. Vuli ikianza, udongo wetu ule wa mfinyanzi unanata kwenye jembe.