Malalamiko: Jaji wa bantamu aliyekuja na mzani wa kuku wa nyama

Ndugu wafugaji wa kuku wa mapambo,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Katika maonesho ya kuku yaliyofanyika hivi karibuni hapa Dodoma, waandaaji walitangaza kundi maalumu la bantamu, yaani kuku wa umbo dogo, na wakapokea ada kwa kila ndege, kisha kundi hilo wakamkabidhi jaji ambaye kifaa chake pekee kilikuwa mzani wa kuning'iniza. Kila jogoo alifungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini, uzito ukasomwa kwa sauti, na aliyewazidi wenzake ndiye aliyeondoka na kikombe.

Jogoo wangu ni Modern Game, aina ya kuku wa maonesho mwenye miguu na shingo ndefu, wa rangi ya birchen, yaani shingo na mgongo rangi ya fedha, mwili mweusi, na manyoya ya kifuani yenye ukingo mwembamba wa fedha. Kadi yake ilirudi imeandikwa: "Amekonda, uzito hafifu." Kwa viwango vya Uingereza, ambako aina hii ilitokea, jogoo bantamu wa Modern Game anatakiwa kuwa na gramu 570 hadi 620, na tetea gramu 450 hadi 510, akifikia kilo moja amekwisha kuharibika kama ndege wa maonesho. Kwa maneno mengine, sifa niliyoitafuta kwa miaka mingi ya kuchagua wazazi ndiyo iliyoandikwa kuwa kasoro. Mshindi alikuwa pora chotara wa kuchi, wale kuku wa kienyeji wenye miili mikubwa, mwenye zaidi ya kilo mbili na bado anakua. Sina ugomvi na ndege huyo wala na mwenye naye. Ninachouliza ni nani aliyepokea fomu yake kwenye kundi la bantamu akanyamaza.

Chini ya maneno hayo jaji aliongeza: "Uso umebadilika rangi, achunguzwe," na jogoo akatengwa pembeni kama mgonjwa mbele ya watu. Uso wa birchen unatakiwa kuwa wa zambarau iliyokolea, na miguu yake myeusi. Uso mwekundu ni wa rangi nyingine kabisa. Kinachouma zaidi ni kwamba mlangoni hakuna aliyeuliza kama kuku wetu wamechanjwa mdondo. Kadi ya chanjo nilikuwa nayo mfukoni, nikarudi nayo nyumbani bila mtu kuitazama, ilhali kuku wa kila mahali walipangwa bega kwa bega.

Nao walipangwa katika matenga, yaleyale yanayopakiwa juu ya mabasi kuelekea Dar es Salaam. Modern Game hutazamwa akiwa amesimama: jaji humwelekezea kifimbo kupitia waya wa kizimba, naye hujinyoosha hadi kimo chake chote kionekane. Vifaranga wangu huzoeshwa kifimbo hicho tangu wakiwa wadogo, na katika miezi ya Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapokuwa mkali usiku, nawalaza ndani kwa sababu manyoya yao mafupi hayahifadhi joto la kutosha. Ndani ya tenga jogoo hawezi hata kuinua shingo. Hakuna aliyeangalia kama manyoya ni magumu na yamebana mwili, wala kama mwili ukitazamwa kutoka juu una umbo la pasi, mpana mabegani na mwembamba mkiani, jambo ambalo ndilo linalotafutwa katika ndege huyu kuliko yote.

Nilipokwenda mezani kulalamika, mjumbe mmoja wa kamati aliniambia nishukuru kwamba wameruhusu "kuku wa kupiganisha". Kwamba jamii hii ina asili ya kuku wa kupigana, sikatai. Hata hivyo, Uingereza ilipiga marufuku mchezo huo mwaka 1835, na Modern Game alitengenezwa baada ya hapo, kwa kuchanganya kuku wa kale wa Kiingereza na kuku wa aina ya Malay wenye miguu mirefu, kwa ajili ya maonesho tu. Miguu na shingo alizo nazo hazina faida yoyote ulingoni. Mjumbe huyo angefahamu hayo kama angesoma ukurasa mmoja kuhusu kundi alilolitoza watu ada.

Ninayodai ni haya. Ada ya kundi la bantamu irudishwe kwa wote walioshiriki, akiwemo mshindi. Kabla ya maonesho yajayo, waandaaji watoe kwa maandishi viwango vitakavyotumika kwa kila aina, na waandae vizimba vya waya ambavyo jogoo anaweza kusimama wima. Kama hawana jaji wa bantamu, waseme mapema tubaki nyumbani, na kundi hilo waliite kwa jina lake halisi, yaani kuku wa uzito mkubwa.

Wenzangu mliopewa kadi za namna hii, naomba mzipige picha na kuziweka hapa chini baada ya kuficha saini ya jaji. Nataka kuzipeleka zote kwa pamoja.